Kilo Mbili Ambazo Sikuzisaga

Jumapili, Novemba 2008
Free Area, Nakuru

Leo jua limetoka. Baada ya siku nne za manyunyu yasiyo na adabu, yale ya kuanza ukishaanika na kukoma ukishaanua, leo limetoka tangu saa mbili asubuhi na kila ukuta wa mtaa huu umeanikwa kitu. Mahindi, maharagwe, magodoro ya watoto. Nina furaha. Naiandika mapema ili nisije nikajizungusha: shajara yangu, leo nina furaha, na nina jambo la kukiri.

Wanaonisoma hapa mtandaoni wanajua kazi yangu. Nina posho mill, kinu cha kusagia unga, ile yenye mlango wa buluu, aliyoniachia baba alipofariki. Watu huniita Mama Posho, hata wale wanaolijua jina langu. Nimewahi kuandika juu ya kelele za kinu, juu ya mkanda unaongoja siku ya foleni ndefu ndipo ukatike, na juu ya unga unaokaa masikioni mpaka kanisani. Juu ya mwezi wa nne sijaandika hata mstari. Niliogopa Mwalimu wa kanisani kwetu atasoma. Halafu nikakumbuka kwamba Mwalimu hajui hata kuwasha kompyuta, kwa hiyo ulikuwa woga tu, na woga haukosi sababu.

Leo mchana Nyambura amekuja kusaga.

Ngoja nianzie mwanzo, maana bila mwanzo huu ujio wake hauna maana.

Mwanzoni mwa mwaka kinu kilifungwa wiki nyingi. Sitaki kuyarudia ya Januari, ghasia zile za baada ya uchaguzi, kila mtu wa Nakuru ana yake. Kinu hakikuchomwa, na kwa hilo namshukuru Mungu kila ninapobonyeza swichi. Ilipofika mwezi wa nne, kamati ya msaada ya kanisa letu ilipokea magunia ya mahindi ya kugawia familia zilizokimbia makwao na kuja kujibanza kwa jamaa zao hapa mjini na pembezoni. Mahindi yalitoka ng'ambo. Ng'ambo ipi, mpaka leo sijui. Gunia liliandikwa tu kwamba si la kuuzwa.

Basi uvumi ukaanza kwamba ni GMO, mbegu iliyobadilishwa maabara. Siku hizo neno hilo lilikuwa kila mahali, redioni, kwa kinyozi, sokoni, kwa sababu wabunge walikuwa wakizungumzia sheria yake. Kwenye foleni yangu mama mmoja alisema hayo ni mahindi yaliyotiwa kitu ndani, funza akiyauma anakufa, na kama yanaua funza basi yatatuua na sisi. Mwenzake akamjibu, "Na hiyo dawa unapulizia sukuma kila wiki, mbona haijakuua?" Tulicheka mpaka nikasahau kuangalia gunia lake likijaa.

Mwalimu Ndeda, mwenyekiti wa kamati yetu, hakucheka. Ni mwalimu mstaafu, alifundisha kilimo miaka mingi, na bado huongea kama ana chaki mkononi. Yeye hakuogopa kuyala. Aliogopa yapandwe. Alitueleza kwamba mahindi huzaana kwa upepo, ule unga wa njano wa juu unapeperuka na kuangukia nywele za mahindi ya jirani, na upepo haujui ua wa mtu. Ukipanda kitu usichokijua, jirani yako naye atakivuna bila kuulizwa, na mbegu aliyoitunza maisha yake yote haitakuwa ile tena. Na kwa vile hakuna aliyeweza kutuambia gunia lina nini, kamati ikaamua mahindi yote yasagwe kabla ya kugawanywa.

"Hakuna punje itakayotoka hapa nzima," Mwalimu akasema, akinitazama mimi, maana ni mimi niliyejitolea kusaga bure.

Nikaapa. Mkono juu, mbele ya kamati nzima, kama bibi harusi.

Siku ya kugawa, Nyambura alikaa pembeni mpaka foleni ikaisha. Mama wa watoto watatu, ametoka ng'ambo ya Molo, nyumba ilichomwa na kila kitu ndani yake. Shemeji yake alimwachia kipande cha shamba kule Ngata alime msimu mmoja, kipande ambacho hakifiki hata robo ekari. Alikuwa amelima tayari kwa jembe la kuazima. Mvua ilikuwa imeanza wiki hiyo hiyo. Mbegu za pakiti alizifuata kwa agrovet tatu, maduka ya pembejeo: mbili zilikuwa zimeishiwa, na ya tatu bei yake ilimfanya atoke bila kuaga. Mbolea hata hakuuliza. Mwaka huu bei ya mbolea ilipanda mpaka wenye mashamba makubwa walikuwa wanalalamika, sembuse yeye.

"Mama Posho," akaniambia, "hii unga nitakula wiki mbili iishe. Nipatie kilo mbili hivyo tu, nzima. Nikipanda, watoto watakula mwaka. Na mvua haitaningojea."

Nikakataa. Nikamweleza kiapo changu. Hakulia wala hakubishana. Aliitikia kwa kichwa, akafunga unga wake vizuri, akaniambia asante sana, Mungu akubariki.

Wanasema asante ya punda ni mateke. Asante ya Nyambura iliniuma kuliko mateke. Nilimwita akiwa amefika mlangoni, nikachota gorogoro moja kwenye gunia la mwisho, lililokuwa bado halijasagwa, kilo mbili kamili, nikaimimina kwenye leso yake. Hakuna aliyeona. Niliporudi kwa Mwalimu kumwambia kazi imekwisha, akaniuliza, "Zote?"

Nikasema zote.

Siku mbili za kwanza nilijiona mtu mwema sana. Nalikiri hilo pia. Siku ya tatu nikaanza kuwaza upepo wa Ngata na majirani wa Nyambura nisiowajua, na kila nilichokiwaza kilikuwa na uso wa Mwalimu.

Halafu nikakumbuka mchezo wa baba. Zamani wateja wakimletea mahindi na kumuuliza kama yanafaa kupandwa, baba hakujibu kwa mdomo. Alichukua punje ishirini, akazifunga kwenye kitambaa kilicholowa, akaziweka chini ya pipa la maji, akawaambia warudi baada ya siku sita. Kwenye pembe ya kinu kulikuwa kumebaki konzi ya yale mahindi. Nikahesabu ishirini, nikafunga, nikaweka chini ya pipa lile lile. Nadhani nilitaka kujifariji. Nilitaka nizione zimechipuka, niseme, haya, angalau Nyambura atavuna.

Siku ya sita nikafungua kitambaa. Moja ilikuwa imetoa kijichipukizi chembamba. Kumi na tisa zilikuwa laini, zinanuka kama uji uliochacha.

Nilikaa chini pale kwenye saruji, na apron yangu, na wateja wakinitazama.

Mji mzima tulikuwa tumebishana kama mahindi yale yameongezwa kitu. Hakuna aliyeuliza kama yako hai. Mahindi ya kula hukaa kwenye meli na maghala, hupata joto, huzeeka, na bado ugali wake ni ugali. Lakini mbegu ni kitu kingine, na mimi, binti wa mtu aliyekuwa akipima mbegu chini ya pipa, nilimpa mama yule mahindi ya kula apande katika mvua yake ya pekee.

Kesho yake nilifunga kinu nikaenda Ngata.

Nilimkuta amepiga magoti kwenye mstari, anafukua kwa vidole. Wiki nzima alikuwa akiamka alfajiri kufukuza kunguru, akidhani ndio wanaokula miche yake. Alikuwa amewapigia kunguru kelele mpaka sauti ikakauka, na kunguru wa watu hawakuwa na hatia yoyote. Ardhini mlikuwa na punje zilizooza. Hapa na pale, hatua kumi au kumi na tano, mche mmoja.

Nikamwambia kila kitu. Nilitarajia anitukane. Aliniuliza tu, "Kwa hivyo si kunguru?" Na tukaanza kucheka, kicheko kile kibaya kinachotoka mahali pa kilio, tukafukua mstari mwingine kana kwamba tukiendelea tutapata jibu tofauti.

"Nyinyi wawili mnachimba viazi ama nini?"

Sauti ilitoka ng'ambo ya ua. Ni Mama Chero, jirani, mwenye mahindi yaliyokwisha kufika vifundoni kwa sababu alipanda mapema, kabla ya mvua. Yeye na Nyambura walikuwa wamekaa wiki tatu bila kusalimiana. Mwaka huu salamu zilikuwa kitu kizito huku kwetu. Ukitaja jina lako umetaja na kabila, na mengine yote. Nilisimama, nikajipangusa udongo, na kwa sababu nilikuwa nimechoka kudanganya, nikamwambia na yeye. Mahindi ya msaada, uvumi wa GMO, kiapo, kilo mbili.

Uso wake ukabadilika. "Unaniambia hiyo GMO iko hapa? Hapa karibu na yangu?"

"Sijui kama ni GMO, mama."

"Hujui," akasema, "na bado ukapeana."

Nikamwambia ni kweli, nilipeana. 

Tulikuja kujua baadaye kwamba Mama Chero hajawahi kununua mbegu tangu aolewe. Alipewa na mama mkwe wake, mahindi yenye punje nyekundu nyekundu katikati ya nyeupe, na kila mavuno huchagua mazuri na kuyaning'iniza juu ya moto jikoni, moshi uyalinde na wadudu mpaka mvua ijayo. Mimi nilikuwa nimeupeleka upepo kwenye kitu hicho, na nilikuwa nimeupeleka kwa huruma.

Aligeuka akaondoka. Tukasikia mlango. Nyambura akaanza kukusanya jembe, akisema pole pole kwamba heri arudi mjini kabla mambo hayajawa mengine. Nilimwelewa. Mwaka huu mtu akikugeuzia mgongo hivyo, hukai kungoja atarudi na nini.

Mama Chero alirudi na kikapu. Ndani yake mahindi yakiwa bado kwenye magunzi, meusi kwa moshi. Mkono wa pili alikuwa na panga, na kwanza alitueleza la panga.

"Mtu haambiwi ang'oe chakula na watoto wake wako na njaa. Hizo zimeota, wacha ziote. Lakini zikitoa hiyo kichwa ya juu, mnakata. Zote. Nikiona moja imebaki, naingia mwenyewe." Akanielekezea panga. "Na wewe wa posho, usifikirie utarudi mjini ukae. Utakuja kukata."

Kisha akaketi kwenye nyasi na kutuonyesha jinsi ya kupukuchua mbegu: za juu na za chini ya gunzi unawapa kuku, za katikati peke yake ndizo zinazoingia ardhini. Siku hiyo tulijaza mapengo yote ya Nyambura, sisi watatu, mpaka mgongo wangu ukasahau kunyooka. Nilimuuliza tutamlipa vipi. Alinitazama kama mtoto aliyeuliza kitu cha aibu. Mbegu hailipwi, akasema. Ukivuna unarudisha kikapu kama ulivyokipokea, basi.

Mwezi wa saba yale ya msaada yakatoa mbelewele, vile vichwa vya juu vyenye unga wa njano. Yalikuwa mafupi, yamekonda, baridi ya Ngata iliyashangaza. Nyambura alikata siku za wiki, na mimi Jumapili asubuhi, jua likiwa halijakausha umande, kabla unga haujaanza kuruka. Nilikosa ibada mara tatu. Mwalimu aliponiuliza nilimwambia nina mgonjwa Ngata. Hivyo ndivyo uongo ulivyo, hauji peke yake, unaleta na ndugu zake. Mama Chero alipita nyuma yetu akihesabu. Mara moja alinikuta nimeruka mmoja, na akanirudisha mstari mzima kama polisi wa trafiki.

Kati ya hayo mahindi mafupi, yaliyofika kubeba hayakuzidi hamsini. Yakabeba magunzi madogo yenye mapengo kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Lakini yale ya mbegu ya Mama Chero yalipanda juu, yakawa msitu.

Nimejaribu kusoma juu ya jambo hili hapa saiba, kwenye kompyuta za kulipia, kila nikibakiwa na dakika. Kuna wanaosema mbegu hizo zitampunguzia mkulima dawa, na udongo na nyuki watapumua. Kuna wanaosema mkulima atakuwa mtu wa kurudi dukani kila msimu, na mbegu kama ya Mama Chero itapotea bila mtu kujua imepotea siku gani. Naona yote mawili yanaweza kuwa kweli. Mama Chero mwenyewe anakubali yake haizai kama ya pakiti, na Nyambura amesema akipata uwezo mwaka ujao atapanda nusu ya duka na nusu ya moshi. Mimi swali langu ni dogo. Gunia likija, nani atatuambia lina nini? Sisi kwenye kamati tulibahatisha. Mwalimu alibahatisha upande wa tahadhari, mimi nikabahatisha upande wa huruma, na Nyambura ndiye aliyekuwa na shamba.

Sasa leo.

Amekuja na mkokoteni, magunia mawili juu yake, watoto watatu wakisukuma kwa nyuma na kelele za harusi. Nilitoka nje na apron yangu nikamkumbatia barabarani, unga ukamwingia kwenye kilemba. Amenona kidogo. Amecheka kwa meno yote. Aliniambia wiki iliyopita amerudisha kikapu cha Mama Chero, kimejaa magunzi bora kuliko yote, na Mama Chero ameyaning'iniza pale pale juu ya moto. Aliyachunguza kwanza moja moja, punje kwa punje. Ni yale yale, alisema. Nyekundu katikati ya nyeupe, kama siku aliyoolewa.

Niliposikia hivyo ilibidi niende nyuma ya kinu kidogo. Vumbi la unga limeniingia machoni, nilisema.

Asante, Mungu. Naandika hapa mbele ya watu wote wanaosoma, asante. Kwa mama aliyeweza kunitukana akacheka. Kwa mwingine aliyekuwa na kila sababu mwaka huu ya kufunga mlango, akaufungua na kutoka na kikapu. Kosa langu liliangukia mikononi mwa wanawake hao wawili, na sistahili hata mmoja wao.

Tulisaga gunia la kwanza, tukasaga la pili. Nyambura hakuondoka. Alichomoa kutoka chini ya mkokoteni mfuko mdogo uliofungwa uzi mwekundu, akauweka kwenye mizani yangu. Nikafungua. Punje zenye rangi mchanganyiko, ndogo ndogo, zisizolingana. Nilizijua.

"Hizi ni zile zako," akasema. "Mama Chero amesema tusibakishe hata moja. Amesema, mwambie wa posho asage mpaka vumbi."

Zilipimwa. Kilo mbili na kidogo juu. Sijui kama Nyambura alizipima nyumbani kwanza, na sikumuuliza.

Nikawasha kinu. Nilizimimina mwenyewe, polepole, na baada ya hapo nikapitisha mkono kwenye pembe zote, mle ambamo punje hupenda kujificha, mpaka nikaridhika. Nikampa mfuko wa unga. Akaurudisha kifuani kwangu. "Hii ni yako," akasema, akawaita watoto, wakaenda.

Sasa ni saa kumi. Kijana wa saiba ameshaniuliza mara mbili, "Mathe, unaongeza time?" Mfuko uko hapa miguuni pangu, bado una joto kidogo la kinu.

Kesho asubuhi, kabla sijafungua ule mlango wa buluu, nitaenda kwa Mwalimu. Siendi kwa sababu nimekamatwa, hakuna aliyenikamata. Naenda kwa sababu alinitazama mbele ya kamati nzima akaniamini, na tangu mwezi wa nne sijaweza kumtazama machoni tukisalimiana kwa amani ya Bwana. Anaweza kuniondoa kwenye kamati. Ana haki. Nitamwomba tu anisikilize mpaka mwisho, halafu nitamwomba sufuria, maana yeye hakuogopa kuyala mahindi yale, nimpikie ugali tule sote wawili.

Nitamwambia: Mwalimu, ulisema hakuna punje itakayotoka nzima. Zilitoka kilo mbili. Hizi hapa, zimerudi, na nimezisaga mpaka vumbi.